Mwanya wa Vidole Vinne

Kwa majira mawili ya baridi hakuna mtu aliyemwita Eilert kazini. Kwa fundi aliyeezeka nusu ya mapaa ya bonde letu, hiyo ni adhabu kali kuliko jela, maana jela angalau mtu husomewa shtaka na kutajiwa siku ya kutoka. Eilert hakusomewa kitu. Bati aliloliweka kwenye paa la nyumba ya sala lilivuja, maji yakaingia ndani ya kinanda, na tangu siku hiyo simu yake ya ukutani ikanyamaza. Watu wa kwetu hawagombi. Hukaa kimya tu, na ukimya wao nimeuonja mwenyewe, unauma kuliko fimbo.

Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Majira yote ya baridi ya kwanza alikaa kwenye dirisha la jikoni akitazama barabara, anakula kama ndege, ananyoa ndevu siku za Jumapili tu. Binti yake Halldis, aliyekuwa akiishi naye, alimwangalia akipungua hivyo na akajua kwamba uzee haumpunguzi mtu kwa kasi ile. Baba yake alikuwa anakufa kwa kukosa kuitwa.

Lakini kulikuwa na hofu nyingine chini ya hiyo. Jorunn, mama yake Halldis, alipotewa na akili miaka saba kabla ya kufa, na Eilert alimuuguza yeye mwenyewe mpaka mwisho. Tangu amzike, alikuwa akijipima. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kikombe cha kahawa, alitaja kwa sauti majina ya mashamba yote kutoka mtoni mpaka mlimani, bila kuruka hata moja. Akimaliza, hunywa. Siku moja alimwambia Halldis, "Mikono ikiniacha, sawa, ni mikono. Kichwa kikiniacha kama mama yako, mwanangu, heri unisukume mtoni." Alisema hivyo bila kucheka.

Halldis naye alikuwa fundi, wa madirisha. Watu walimletea madirisha ya kale yaliyooza pembe, naye akayavua vioo, akaunga mbao, akayarudishia vioo kwa ule udongo wa mafuta unaoshika kama mfupa ukikauka. Shida ni kwamba karakana yake ilikuwa ndani ya banda la zamani la ng'ombe, na kuanzia Novemba udongo ule ulikuwa mgumu kama jibini iliyosahauliwa. Kila mwaka alifunga kazi miezi minne. Mwaka ule akaamua kununua jiko la chuma la kuni na bomba lake la kisasa, la tabaka mbili za chuma zenye pamba ya mawe isiyoshika moto katikati. Angeweza kumwita fundi wa mjini. Alikwenda jikoni akamwambia baba yake.

"Baba, nataka dohani kwenye banda. Nani ataniwekea?"

Mzee hakugeuka kutoka dirishani. "Unaniuliza mimi kwa sababu unanihurumia."

"Nakuuliza kwa sababu wa mjini wanaweka vibaya na wanalipisha vizuri."

Hapo akageuka. Kesho yake alikuwa amenyoa ndevu, na ilikuwa Jumatano.

Wiki nzima alikata bati na kukunja. Alitengeneza ukosi wa bati wa kuzunguka bomba pale linapopenya dari, kitu chenye mikunjo myembamba hata Halldis, asiyesifu ovyo, alikishika akakigeuza mara mbili. Mzee alianza kula. Alianza kupiga mluzi. Jioni Halldis alimsomea karatasi iliyokuja na bomba, kwa sauti, neno kwa neno: kati ya bomba na mbao zozote uachwe mwanya wa vidole vinne, mtupu, usijazwe kitu. Mzee alikuwa akinoa mkasi wake wa bati. "Mm," alisema. Halldis akaichukua ile "mm" kama jibu. Alipaswa kujua, kwa umri wake, kwamba "mm" ya fundi mzee ni adabu tu.

Jumamosi ikawa siku ya kusaidiana, kama ilivyo desturi: jirani anakuja na mikono yake, mwenye nyumba anapika uji wa malai, na hakuna anayeuliza ujira. Wala hakuna anayeikosoa kazi iliyofanywa hivyo. Hilo halikuandikwa popote lakini kila mtu analijua. Alikuja Torgeir wa shamba la ng'ambo, mtu mwenye ngazi ndefu na mdomo mrefu zaidi.

"Mzee Eilert," alisema akiegemeza ngazi, "ukianguka huko juu nitakuzika wapi? Ardhi imeshaganda."

"Nizike shambani kwako. Huko jembe halijagusa ardhi miaka, halitajua kama imeganda."

"Umemsikia baba yako, dada Halldis? Nimekuja kusaidia bure na bado natukanwa."

"Ungekuja na shoka lako mwenyewe usingetukanwa," Halldis akasema, na wote watatu wakacheka. Ilikuwa miaka miwili tangu asikie kicheko cha baba yake nje ya nyumba.

Wakagawana kazi. Torgeir alipanda paani kutoboa na kuziba juu. Halldis alibaki chini na jiko. Eilert alipanda peke yake kwenye dari la kuhifadhia nyasi za ng'ombe, pale bomba linapopenya sakafu ya mbao ya miaka mia, na kutoka huko ukasikika mluzi wake, nyundo ndogo, kisha mluzi tena. Kufikia saa nane dohani ilikuwa imesimama, imenyooka, inang'aa juu ya paa la banda. Torgeir alishuka akaitazama kwa mbali, akavua kofia, akairudisha.

"Mzee, mkono bado upo," alisema. Kwa Torgeir hayo ni mashairi.

Eilert alitaka miwani yake aliyoisahau darini, na Halldis akapanda kuileta. Akaiona juu ya ubao. Akaona na kitu kingine: kwenye ukingo wa ule ukosi mzuri, ulichungulia uzi mmoja wa kijani.

Aliuvuta. Ulikuja na wenzake. Zilikuwa nyasi za mawe, zile laini zisizo na mizizi ziotazo msituni, zimekaushwa vizuri. Akaingiza kidole. Mwanya wote wa vidole vinne, kuzunguka bomba lote, ulikuwa umeshindiliwa nyasi za mawe tabaka juu ya tabaka, kazi safi, ngumu kama godoro jipya.

Hakuhitaji kuuliza kwa nini. Nyumba zetu ni za magogo, na kati ya gogo na gogo kuna nyasi hizo hizo tangu enzi za mababu. Kwetu mtoto hujifunza kuziba upenyo kabla hajajua kusoma. Anayeacha tundu baridi ikaingia ni mvivu au mgeni. Eilert alikuta tundu, na mikono yake ikafanya ilichofanya kwa miaka sabini. Na sasa nyasi kavu zilikuwa zimelikumbatia bomba la moto, katikati ya mbao kavu. Zingekauka zaidi kila majira. Labda mwaka huu zingevumilia, labda na ujao. Halafu siku moja banda lote, na madirisha ya watu, na pengine nyumba iliyo hatua ishirini kutoka hapo.

Alisimama pale na miwani mkononi. Chini alimsikia baba yake akimwambia Torgeir jambo, na Torgeir akicheka. Aliona wazi kitakachotokea akishuka na kusema. Torgeir angetazama viatu vyake. Angesema, "Ah, jambo dogo." Jumapili bonde zima lingejua, na hakuna ambaye angesema neno, na mzee angerudi dirishani. Safari hii asingeondoka tena pale.

Aliposhuka, Eilert alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, kuni zimepangwa, kiberiti mkononi. Anayeijenga dohani ndiye anayewasha moto wa kwanza.

"Ngoja, baba."

"Ningoje nini?"

"Mkaguzi hajaja. Anakuja Jumatatu. Tusiwashe kabla."

"Tangu lini Halldis anafuata sheria?" Torgeir akauliza. "Huyu si ndiye aliyeendesha trekta la padri bila leseni?"

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

"Na padri alikuwa bado yumo."

Eilert alimtazama binti yake kitambo, kiberiti bado mkononi. Halafu akakitia mfukoni. "Yuko sawa," akasema. "Na aje aione. Sina cha kuficha." Wakaenda kula uji, na Halldis hakuonja ladha yake.

Jumapili Eilert alivaa koti lake jeusi akaenda kanisani na kwenye kahawa baada ya ibada, mara ya kwanza tangu mambo ya kinanda. Alitaka watu wamuulize kuhusu dohani. Torgeir alishapita kumchukua na gari, na Halldis alijua kwamba mdomo wa Torgeir ulishaeneza habari.

Gari lilipopotea kwenye kona, alipanda darini na bisibisi. Alifungua skrubu za ukosi moja moja, akazipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wake. Akachomoa nyasi kwa koleo na kwa vidole, zikajaza gunia. Zilikuwa zimeshindiliwa vizuri kiasi kwamba alilia kidogo, kwa hasira, hajui anamkasirikia nani. Mwanya ulipobaki mtupu aliufuta kwa brashi, kisha akapitisha mashine ya kufyonza vumbi, hata chembe isibaki. Yeye ni mtu msafi katika kazi. Akarudisha ukosi, kila skrubu kwenye tundu lake, mkato wa kila skrubu ukitazama upande uleule mzee alikouacha. Gunia akalipeleka msituni nyuma ya banda na kuzitawanya nyasi huku na huku chini ya misonobari, maana mzee alipenda kutembea huko na rundo lingemsaliti. Aliporudi theluji ilikuwa imeanza kudondoka.

Alijiambia amemaliza. Banda limepona, na mzee amepona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kuishi na Eilert.

Mzee alirudi amechangamka. Watu watatu walimuuliza, na mmoja, mke wa mwenye duka, alitaka aje atazame mfereji wa paa lake. Alilirudia jambo hilo wakati wa chakula, tena wakati wa kuosha vyombo. "Alisema wiki ijayo," alisema. "Nikamwambia nitaangalia kama nina nafasi."

Theluji ilianguka usiku kucha na asubuhi yote. Jumatatu saa nne akaja mkaguzi wa dohani wa wilaya, mwanamke kijana jina lake Gunvor, mwenye masizi shingoni na tochi kichwani. Torgeir naye akawa amepita kuchukua ngazi yake, ambayo angeweza kuichukua siku yoyote. Gunvor alikagua jiko, akapima umbali wa ukuta, akapanda darini. Walimsikia akifungua skrubu mbili. Kisha sauti yake ikashuka kupitia tundu la ngazi.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi," Eilert akasema, kifua mbele.

"Basi mzee wangu, nitawaleta vijana wa mjini waje wajifunze kwako. Wiki iliyopita nimekuta nyumba nne wamejaza mwanya. Mmoja alijaza magazeti. Huu wako ni mtupu, safi kabisa, mtoto anaweza kulala humo."

Torgeir alimpiga mzee begani. Mzee hakuyumba. Alikuwa akitazama juu, kwenye lile tundu la dari.

"Mtupu?" aliuliza.

"Kabisa," ikajibu sauti.

Eilert alipanda ngazi, polepole, na Halldis akabaki ameshika meza. Alisikia hatua za baba yake juu ya mbao. Alisikia Gunvor akisema, "Tia mkono, tia tu."

Mzee aliposhuka uso wake ulikuwa na rangi ya udongo wa madirisha. Gunvor aliandika karatasi yake, akagonga muhuri, akasema sasa washeni. Torgeir akatoa kiberiti. Eilert hakukipokea.

"Washa wewe," alimwambia Halldis, akatoka.

Aliwasha kwa sababu wageni walikuwa wanatazama. Moto ukashika mara moja, bomba likavuta vizuri, na Torgeir akasema jambo la kuchekesha ambalo halikumfikia. Alipoweza kutoka alimkuta baba yake nyuma ya banda, amesimama kwenye theluji, hana kofia.

"Baba, ingia ndani. Utaganda."

"Halldis, niliujaza." Alikuwa amenyoosha mikono mbele yake, anaikagua. "Nakumbuka nikiujaza. Nilipanda na kikapu. Nilishindilia kwa kijiti, tabaka kwa tabaka, na nakumbuka nikiwaza kwamba tabaka la mwisho limetoka vizuri kuliko yote. Hata harufu naikumbuka. Na leo nimetia mkono, hakuna kitu." "Mama yako alianza hivi hivi. Alikumbuka amekamua ng'ombe ambaye tulishamuuza."

Katika yote aliyoyahesabu Halldis, hili hakulihesabu. Alikuwa ameilinda mikono ya baba yake, na ameibomoa akili yake. Hakufikiri mara ya pili.

"Uliujaza, baba. Mimi ndiye niliyezitoa. Jana, ulipokuwa kanisani."

Mzee alimtazama. Halldis alisubiri hasira. Aliitaka hasira ile, alikuwa tayari kupigiwa kelele mpaka Torgeir asikie, mpaka bonde lote lisikie. Badala yake uso wa mzee ukalegea, ukawa mpole.

"Wewe ni mtoto mwema," alisema.

"Sisemi kwa wema. Ulikosea, baba. Karatasi ilisema mwanya uwe mtupu, nilikusomea, hukusikiliza. Ungeunguza banda. Nilipaswa kukuambia pale pale Jumamosi, nikaogopa."

"Mm."

"Usiniambie mm."

"Mama yako akiniambia amekamua," Eilert akasema taratibu, "nilikuwa nachukua ndoo, natoka nayo, namimina maziwa ya dukani ndani yake nyuma ya mlango, narudi. Namwambia, Jorunn, leo ametoa vizuri. Akisema hakukamua, namwambia, hukukamua, nilikamua mimi. Miaka saba. Unadhani kazi hiyo siijui nikiiona?"

"Muulize Torgeir kama hakukuona ukipanda na kikapu."

"Torgeir alikuwa paani. Na Torgeir atasema utakachomwambia aseme. Ni mtu mwema naye."

"Nitakuonyesha," Halldis akasema.

Aliingia msituni karibu akikimbia, theluji ikimfika magotini, na mzee akamfuata nyuma kwenye nyayo zake. Alipiga magoti chini ya msonobari wa kwanza akaanza kufukua kwa mikono mitupu. Alifukua mpaka kwenye kijani, akang'oa konzi, akaiinua juu. Ilikuwa imelowa, inadondosha maji, na chini yake palikuwa na nyingine kama hiyo, na pembeni nyingine, hai, zimeshikamana na mawe yake. Akahamia msonobari wa pili. Alikuwa anatafuta zilizokauka, zilizokuwa zimekauka jana, lakini usiku kucha zilikuwa zimekunywa theluji na hazikutofautika tena na zilizo hai. Akafukua wa tatu. Vidole vilikuwa vimekwisha kuwa vyekundu na alikuwa akisema maneno mafupi mafupi, hii, hapana, hii hapa, baba, tazama, hii ilikuwa kavu, naijua, niliitupa hapa.

Eilert aliinama kwa shida, akavua glavu zake za sufu, akaichukua mikono ya binti yake akaifuta theluji na kuivisha glavu, mmoja baada ya mwingine.

"Tazama," Halldis akasema, akiwa bado amekamata ile konzi ndani ya glavu. "Ndiyo hii."

Mzee aliitazama kwa makini, akaigusa, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya," akasema. "Ndiyo yenyewe. Nimeiona. Twende ndani sasa."

Halldis aliitambua sauti ile. Miaka saba aliisikia kila jioni kupitia ukuta wa chumba cha wazazi wake, ikimwambia Jorunn kwamba ng'ombe ametoa vizuri.